Ndege ya balsa ya kwanza: bawa limepinda kama kaukau, nimekosea wapi wakuu?

Muuza Spea (Igoma)

Habari za jioni wakuu, naombeni msaada maana nimeshachanganyikiwa na mtoto ananiangalia tu. Iko hivi, shemeji yangu anaishi Marekani, kabla hajaja likizo mwezi wa kumi alipiga simu akasema "namletea mjomba kiti", mke wangu akajua ni kiti cha kukalia akaanza na kupanga kitakaa upande gani wa sebule. Kumbe ni "kit" ya Kizungu, boksi la ndege ya kujenga mwenyewe kwa mbao za balsa, ndani kuna vibao vyembamba kama biskuti, vijiti, karatasi laini nyeupe, propela ya plastiki, rababendi moja ndefu imekunjwa na mchoro mkubwa kama gazeti. Picha ya juu ya boksi ndege iko mawinguni imetulia, nikasema hii ni wikiendi moja tu imeisha. Leo wiki ya tano.

Vile vibao vimepigwa chapa ya kukatwa ila havijakatika mpaka chini, nikawa nasukuma kwa kidole gumba, mbavu sita za bawa zikapasuka siku ya kwanza. Nikaunga na supaglu. Supaglu ikaniunga na mimi, kidole cha kati na shahada, nimekaa hivyo dukani nahudumia wateja wa spea kama natoa baraka. Mchoro nikaubandika mezani nikajengea juu yake moja kwa moja, siku ya kuinua mbavu karatasi ikaja nayo. Mkia ulivunjika mara mbili nikauimarisha na njiti za meno nne, sasa hauvunjiki hata ukiukanyaga.

Tatizo kubwa ni bawa. Lilikuwa limenyooka kabisa, nikabandika karatasi, nikasoma maelezo kwamba unanyunyizia maji ili karatasi ikaze. Nikachukua ile chupa ya kunyunyizia nguo za kupiga pasi nikalilowesha vizuri, nikaliweka juu ya tofali juani saa saba mchana ili likauke haraka. Nimerudi baada ya kama dakika ishirini nimekuta upande wa kulia umejisokota, ukingo wa mbele unaangalia juu na wa nyuma unaangalia chini, kaukau kabisa.

Nikajipa moyo nikaifunga hivyo hivyo, tukaenda nayo ufukweni saa kumi jioni na kijana. Kuirusha kwa mkono tu bila kusokota raba, ikapanda, ikasimama kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, ikarudi kwa mkia. Mara ya pili upepo wa ziwani ukaichukua ukaipigiza kwenye jiwe, na huku kwetu mnajua mawe hayatafutwi.

Maswali: bawa linanyooka au nianze upya? Nikianza upya balsa napata wapi Mwanza? Na hii ya kurudi kwa mkia ni nini? Kijana yuko darasa la tano, nimemuahidi itaruka kabla shule hazijafunguliwa Januari.

Dagaa Mchele

Mkuu hapo kwenye kuhudumia wateja na vidole viwili nimecheka mpaka chai imemwagika 😂😂 uza hilo boksi ununue droni ya mtumba

Seremala Nyakato

Usianze upya kaka. Bawa lililosokotwa na karatasi linanyooka, tena bila kutoa karatasi. Mi ni fundi makabati lakini haya madude nimejenga manne, mawili yanaruka, moja mtoto wa jirani alilikalia na moja sitaki kulizungumzia.

Kwanza elewa kilichotokea. Karatasi ikilowa inalegea, ikikauka inavuta. Ikikauka sawasawa inavuta sawasawa. Wewe umeloweka sana alafu ukaweka juani, upande mmoja umewahi kukauka ukavuta wenzake, na chini hakuna kilicholishikilia bawa, kwaiyo likafuata mvuto. Balsa nyembamba vile haina ubishi.

Dawa yake ni mvuke. Chemsha maji kwenye birika, yakianza kutoa moshi lishike bawa mikono miwili, lipitishe kwenye mvuke kama sentimita ishirini hivi juu ya mdomo wa birika, usiganganie sehemu moja. Utaona karatasi imelegea. Hapo hapo lisokote upande wa pili, na lisokote KUPITILIZA kidogo, kama lilipanda kidole kimoja we lishushe kidole na nusu, toka kwenye mvuke, shikilia hivyo hivyo huku unahesabu mpaka sitini. Achia. Litarudi kidogo. Rudia. La kwangu nilirudia mara tano, la tano likakaa. Jinsi ya kukagua: lishike usawa wa jicho ulitazame kutokea nyuma, ukingo wa nyuma na wa mbele ilale sambamba kama reli.

Ukimaliza usiliweke kabatini hivi hivi. Lilaze kwenye ubao tambarare, weka vipande vidogo vya mbao chini yake ili hewa ipite, libane kwa pini pembeni, kivulini, usiku mzima.

Sasa mkia. Hizo njiti za meno ndo mchawi wako. Mkia uko mbali na bawa, pua iko karibu, kwaiyo gramu 1 ya mkiani unaweza kuhitaji gramu 3 hivi puani kuibeba, ni kama bembea ya watoto, mnene akikaa karibu na katikati mwembamba akikaa mwisho wanalingana. Wewe umeweka njiti nne na supaglu ya kumwaga, ndo maana inakaa kitako hewani. Toa zote. Kwenye vile vibao vya kwenye boksi yanabaki mabaki pembeni, hiyo ni balsa bure, kata humo vijiti vya kuungia. Hapa Mwanza sijawahi kuiona balsa ikiuzwa dukani, kwaiyo mabaki usitupe hata kipande.

Alafu tafuta pale ndege inapolingana mbele na nyuma. Ndege ibebe kwa ncha za vidole viwili chini ya bawa, theluthi moja kutoka ukingo wa mbele. Kama bawa lina upana wa sentimita 9 basi ni sentimita 3 kutoka mbele. Ilale sawa au pua iiname kidogo sana. Ikikaa kitako, ongeza uzito puani.

Gundi: achana na supaglu kwa sasa. Ile inaganda kwa unyevu na huku kando ya ziwa unyevu ndo hewa yetu, inakushika kabla hujapanga kipande. Tumia gundi nyeupe ya mbao, tone dogo la ncha ya njiti, bana kwa pini, kalale. Na juu ya mchoro tandika nailoni nyepesi au usugue mshumaa, haitaganda tena na karatasi.

Kwa vibao vilivyobaki: geuza kibao, sugua nyuma yake na msasa laini, namba 400 hivi, taratibu mpaka michoro ianze kutokeza, vipande vinaachia vyenyewe. Panapogoma pitisha wembe mpya. Usisukume na gumba tena.

Mama Wawili

Asante fundi, na mimi nanufaika, wangu wa miaka tisa kaletewa la kwake nimelificha juu ya kabati tangu Iddi kwa kuogopa wembe. Naomba kuuliza, hizo pini zinaingia wapi? Meza yangu ni ya mninga.

Na kaka Muuza Spea, kwenye mvuke mtoto asishike yeye. Mvuke unaunguza kuliko maji yenyewe.

Seremala Nyakato

Dada meza ya mninga iache ipumzike 😄 Tafuta sofutibodi, ile laini wanayobandikia matangazo maofisini, kipande cha futi mbili kinatosha. Ukikosa, kata boksi la televisheni matabaka manne, gundisha, yakandamize na tofali usiku kucha mpaka yawe bapa kabisa. Ubao ukiwa na tumbo na bawa litakuwa na tumbo. Pini zile za fundi cherehani zenye kichwa, na usichome kwenye kijiti chenyewe kitapasuka, choma pini mbili kwa kuvuka pembeni yake zikibane kama mkasi.

Wembe, maduka ya vifaa vya hospitali wanauza bledi za upasuaji na mpini wake, namba 11 ndo yenye ncha. Inakata balsa bila kuikandamiza. Kukata ni kazi yako mama, yeye mpe msasa na gundi, hatajua kama amepunjwa.

Dagaa Mchele

Haya sasa niongee la maana, maana mi naishi na huu upepo. Muuza Spea umeenda ufukweni saa KUMI JIONI? Mchana nchi kavu inapata moto kuliko maji, hewa ya juu ya nchi inapanda, ya ziwani inaingia kuziba pengo, kwaiyo kuanzia mchana mpaka jioni upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu na unakuwa na nguvu. Usiku inageuka, nchi inapoa haraka, upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Wenye mitumbwi ya dagaa wanaishi kwa hiyo ratiba.

Muda wako ni asubuhi, saa moja mpaka saa mbili na nusu, hapo unakuta hewa imelala hata moshi wa mama ntilie unapanda wima. Ila usirushie ufukweni kabisa hata asubuhi, maana kile kiupepo kilichobaki kinaelekea majini, na ndege ya karatasi ikitua ziwani hiyo ni sala ya jioni. Nenda uwanja wa shule wenye nyasi ndefu, usimame uelekee upepo unakotoka. Na kaa mbali na uwanja wa ndege na njia ya ndege zinazotua, sio utani huo.

Angalia na mwewe. Yangu ya boksi la biskuti mwewe alishuka kuichungulia akaona haina nyama akaondoka kwa dharau.

Muuza Spea (Igoma)

Kumbe Dagaa Mchele nawe una ndege 😂 alafu unanishauri droni.

Wakuu nimefanya leo. Mvuke mara nne, bawa limenyooka, siamini macho yangu, mke wangu alivyoona napika bawa kwenye birika ameondoka kimya kimya. Njiti za meno nimetoa, imebidi nikate na kipande cha mkia, nimeunga na mabaki. Nilipeleka kwa jamaa yangu ananunua dhahabu ana mizani ya gramu, kabla ilikuwa gramu 41 sasa 38. Ameniuliza hii ya Geita au ya wapi.

Bado inakaa kitako kidogo kwenye vidole. Uzito wa puani niweke nini? Na karatasi leo mvua ilivyonyesha imelegea tena kama shuka, bawa halijapinda ila limenywea.

Seremala Nyakato

Kulegea kwa mvua ni kawaida, karatasi tupu inakunywa unyevu. Inatakiwa ipakwe. Wenzetu wana rangi yao maalum ya ndege, mi natumia sending sila ya makabati, ile ya kuziba vitundu vya mbao, changanya na thina nusu kwa nusu, brashi laini, mkono MMOJA tu yaani unapaka mara moja, ukipaka mikono mitatu itavuta na utarudi kwenye birika. Ukipaka tu libane kwenye ubao kama nilivyosema mpaka kesho. Fanyia nje, mbali na jiko, thina haina urafiki na moto.

Uzito nenda soko la samaki Mwaloni Kirumba kaulizie risasi za nyavu, zile za kuzamishia. Kipande kidogo kigonge na nyundo kiwe bapa, kibandike ndani ya pua. Anza na kidogo, unaongeza huku unapima kwenye vidole.

Mama Wawili

Risasi ni sumu jamani, watoto wa wavuvi wanazibana kwa meno. Mwambie kijana asiweke mdomoni na anawe mikono.

Mzee wa Magu

Mwangaluka wote. Nimesoma uzi huu wote nimefurahi sana. Sisi zamani ndege tulitengeneza kwa mabua ya mtama, propela bati la kopo, unakimbia nayo kuelekea upepo inazunguka, basi umesharuka.

Aliyeuliza balsa inapatikana wapi. Mti wenyewe kwao ni Amerika ya Kati na Kusini, nyingi inatoka Ekwado. Na neno lenyewe balsa kwa Kihispania maana yake ni chelezo, maana watu wa kule walikuwa wanafungia magogo yake vyelezo vya baharini. Mwaka 1947 Mnorwe Thor Heyerdahl na wenzake watano walitoka Peru na chelezo cha magogo hayo wakavuka Pasifiki siku 101. Kwaiyo shemeji yako amekuletea mbao ya mtumbwi, imepanda cheo tu.

Na sisi hapa ziwani tuna ndugu yake wa tabia. Ule mti wa majini wenye miiba na maua ya njano unaoota kwenye mafunjo, wavuvi wa zamani walifanyia maboya. Mwepesi kweli kweli. Niliwahi kuchongea mbavu za bawa nikajaribu, unakatika kama andazi la jana, kwa vijiti virefu haufai, ila kwa kujazia pua na kuziba mapengo unafaa sana na msasa unaupenda.

Sasa raba. Hakuna aliyesema habari ya raba na ndio injini. Hiyo ya kwenye boksi usiisokote kavu, itajikata yenyewe. Nunua glisirini duka la dawa, changanya na sabuni laini kidogo, ipake mpaka iteleze. Usipake grisi ya dukani kwako, mafuta ya petroli yanaiozesha. Kusokota muwe wawili, mmoja ashike ndege, mwingine aivute raba kwa mbele iwe mara tatu ya urefu wake ndipo aanze kuzungusha, akiendelea huku anasogea taratibu, mzunguko wa mwisho anafika puani. Inaingia mizunguko mingi kuliko kuzungusha propela kwa kidole. Lakini siku ya kwanza mizunguko 50 tu. Ikienda vizuri 100. Baba usiwe na haraka.

Kabla ya raba irushe kwa mkono kwanza. Ishike usawa wa bega, isukume mbele pua imeinama kidogo, usiitupe kama jiwe. Ikipanda ikasimama ikaanguka, pua nyepesi. Ikichimba chini moja kwa moja, umezidisha risasi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, ukibadilisha viwili hutajua ni kipi kimeponya.

Na ujue mnafuata njia ya Mfaransa mmoja, Alphonse Pénaud, alirusha ndege ya raba iliyosokotwa Paris kwenye bustani ya Tuileries mwezi Agosti 1871. Ilikaa hewani sekunde 11 ikaenda kama mita 40. Ilikuwa na mkia wa kuituliza na ncha za mabawa zimeinuliwa, kama hiyo yako.

Dagaa Mchele

Mzee umetisha. 1871!! Heshima yako

Muuza Spea (Igoma)

Mrejesho wakuu, samahani nimechelewa, siku nne za mvua.

Nimepaka sending sila mkono mmoja, bawa likakaza likalia kama ngoma ukiligonga na ukucha, halijapinda. Risasi nimepata, jamaa kanipa bure alivyosikia ni ya ndege, kaniuliza mara mbili. Imeingia kipande kama punje ya harage, ndege ikalala sawa kwenye vidole.

Leo saa moja asubuhi tumeenda uwanja wa shule, nyasi zimelowa umande. Ya kwanza kwa mkono ikachimba. Nikatoa risasi kidogo kwa kisu. Ya pili ikaenda kama mita kumi ikatua kwa tumbo, taratibu, ikateleza kwenye nyasi, mtoto akaikimbilia hajaniambia hata neno. Tukasokota 50, ikazunguka kushoto ikagonga goli. Hapo nilikaribia kurudi nyumbani. Kijana ndo akasema baba propela inazunguka huku kwaiyo ndege inasukumwa huku, tuigeuze mdomo kidogo kulia. Tukaweka kijikaratasi cha boksi la kiberiti nyuma ya kile kidude cha kushikia propela upande wa kushoto ili iangalie kulia. Sijui hiyo akili kaitoa wapi, kwangu hapana.

Tukasokota 120 kwa mtindo wa mzee, mimi nimeshika ndege, yeye anavuta raba anasogea na kijasho. Akairusha yeye. Imepanda mpaka usawa wa paa la darasa, ikazunguka duara moja kubwa kulia, raba ikaisha, propela ikasimama, ikaanza kushuka yenyewe kimya. Alikuwa amewasha saa kwenye simu yangu. Sekunde 14. Amesema tumempiga Mfaransa sekunde tatu.

Seremala Nyakato

Safi sana kaka!! Na huyo kijana mlete karakana likizo.

Mzee wa Magu

Hongereni sana. Lakini yule alikwenda mita 40. Nyie mmepima mita?

Muuza Spea (Igoma)

Mita hatujapima mzee, iliishia kwenye mihogo ya watu.